Jembe la Mume wa Mwalimu

Neno "msindikizaji" lina nyuso mbili katika Kiswahili. Nyumbani, kumsindikiza mgeni ni heshima: unatoka naye mlangoni, unafika naye njia panda, pengine mpaka kituoni, na mazungumzo yenye uzito mara nyingi hujitokeza hapo mnapotembea, si mlipokuwa mmekaa kwenye viti. Uwanjani, msindikizaji ni timu iliyoingia ligi ili idadi itimie; haina kombe inalowania, wala hakuna anayeiogopa. Mtu anayemfuata mwenzi wake kwenda kufundisha kozi fupi ugenini huhesabiwa msindikizaji kwa maana hii ya pili. Kwa vipupwe kadhaa nimekaa Morogoro kwa cheo hicho, mume wa mwalimu anayewaleta wanafunzi wa chuo cha mbali kuisoma milima ya Uluguru na watu wake. Mikasa ya safari hizo sitaisimulia. Kila msafiri anayo yake, na mingi inafanana. Nilichobaki nacho ni hoja. Naamini msindikizaji anayo kazi ya kweli, nayo ni kuwa mgeni asiye na mamlaka yoyote. Akiikubali, hurudi na somo ambalo mwalimu na wanafunzi, kwa nafasi walizo nazo, hulipata kwa shida. Na Uluguru ina mila inayolieleza somo hilo vizuri kuliko kitabu chochote cha maandalizi ya safari.

Kozi hizi huitwa za kiangazi kwa kuwa huko zinakotoka Juni mpaka Agosti ni miezi ya jua. Morogoro miezi hiyo ni ya kipupwe. Masika yamepita, asubuhi ukungu umetanda juu ya kilele cha Lupanga kama nguo iliyosahaulika kambani, na anayetoka Dar es Salaam kwa treni ya SGR, iliyoanza kubeba abiria Juni 2024, huteremka akilikumbuka sweta aliloliacha nyumbani. Ratiba ya wiki tano au sita hujaa upesi. Kuna Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, kilichopata jina na hadhi hiyo mwaka 1984. Kuna APOPO, hapo hapo chuoni, ambako tangu mwaka 2000 panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na, baadaye, kifua kikuu. Kuna mashamba ya mboga ya Mgeta, kuna msitu unaolisha mto Ruvu na kwa njia hiyo mabomba ya Dar es Salaam, na mwanzoni mwa Agosti kuna Maonesho ya Nanenane. Wanafunzi wa vyuo vyetu wakati huo kwa kawaida wako likizo au kwenye mafunzo kwa vitendo, kwa hiyo wageni huja kusoma kwa wenyeji ambao nusu yao hawapo. Mwalimu ana gari la kutafuta, vibali vya kufuatilia na alama za kutoa. Wanafunzi wana daftari la kujaza na karatasi ya mwisho ya kuandika. Mwenye asubuhi nzima mikononi ni mmoja tu.

Asubuhi hiyo ina thamani kwa sababu haina cheo. Cheo hufungua mlango mmoja na kufunga mwingine. Mwalimu akifika kijijini hupokelewa kama mwalimu: kiti kinatolewa, mwenyekiti wa kijiji anaitwa, na majibu yanapangwa yafanane na ugeni. Mwanafunzi mwenye dodoso hupata majibu ya dodoso. Mwenyeji hadanganyi, anampa mgeni kile anachodhani kinamfaa mtu wa cheo chake. Anayejiuliza kwa nini mwenyeji amejifunza tahadhari hiyo apande mpaka Matombo, upande wa mashariki wa milima, aulize habari za miaka ya 1950. Serikali ya kikoloni ilikuwa na mpango wa matumizi ya ardhi ya Uluguru, ulioanza mwaka 1950. Wataalamu waliona mteremko, wakaona udongo unachukuliwa na maji, wakaamuru watu wachimbe matuta ya ngazi. Kwenye mashamba ya mboga yenye maji ya kumwagilia, kama ya Mgeta, tuta la ngazi lilimlipa mkulima jasho lake. Kwingine kuchimba kulifukia udongo wenye rutuba na kuibua udongo mfu wa chini, na kazi yenyewe ilikuwa ya shuruti. Julai 1955 watu wa Matombo walikataa. Ghasia zikazuka, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukafa.

Sisemi kwamba mwalimu wa kozi ya wiki tano ni bwana shamba wa kikoloni. Hana amri ya kumpa mtu, na wengi wa walimu hawa wanaijua historia hiyo kuliko mimi. Wengine ndiyo wanayoifundisha. Ninachosema ni kwamba kasoro ya mpango ule haikuwa ujinga. Wale watu walikuwa na elimu, na juu ya mmomonyoko wa udongo hawakukosea sana. Walikosa ile nafasi ya mtu anayelazimika kusubiri aambiwe. Walipanda mlimani wakiwa na jibu tayari, na mwenye jibu hana sababu ya kukaa kizingitini akisikiliza kwa nini mama fulani halimi kona ile ya shamba. Kozi yoyote, hata iliyo nzuri, hupanda mlimani na sehemu ya jibu lake, kwa kuwa bila muhtasari wa masomo haiwezi kuitwa kozi. Msindikizaji hana muhtasari. Akiuliza swali, jibu haliendi popote: hakuna ripoti wala alama. Kwa hiyo swali lake hupokelewa kama swali la jirani, mradi awe na ujirani.

Ujirani huo unapatikanaje? Hapa ndipo Waluguru wanapotusaidia, kwa kuwa wana uzoefu mrefu wa mwanamume aliyemfuata mkewe. Waluguru huhesabu ukoo upande wa mama. Mtoto ni wa ukoo wa mama yake. Ardhi ni mali ya ukoo. Na cheo kama cha Chifu Kingalu wa Kinole, ambaye jina lake leo limeandikwa kwenye soko kuu la mji wa Morogoro, huenda kwa mpwa, mtoto wa dada. Mwanamume anayeoa, mara nyingi, amekwenda kuishi na kulima ukweni. Analima kwa nguvu zake zote na kulisha watoto, lakini shamba lina wenyewe, na wenyewe ni ukoo wa mke. Ndiyo maana katika ardhi ya namna hii mahindi na mti wa kudumu havihesabiwi kitu kimoja. Mahindi huvunwa na shamba likabaki kama lilivyokuwa. Mti unabaki, na mti unaobaki ni dai: kesho aliyeupanda, au ndugu zake, wanaweza kuja kuuliza wa nani. Mambo yamebadilika, bila shaka. Mji umekua, dini zimeingia, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imeandikwa, na ardhi ya kununua na kuuza ipo. Hata hivyo busara iliyo ndani ya mila hiyo haijachakaa: mtu anaweza kuwa mtu wa maana kabisa mahali ambapo hamiliki chochote, ilimradi ajue anacholima na ajue asichopaswa kupanda.

Mithali ya mgeni wa siku mbili anayepewa jembe siku ya tatu hutajwa kwa kicheko, kama onyo kwa mgeni mvivu. Mimi naisikia pia kama ahadi. Mgeni asiyepewa jembe anabaki mgeni. Jembe ni dalili kwamba ameanza kuhesabiwa. Jembe la mume wa mwalimu mjini Morogoro kwa kawaida ni kikapu. Kundi la watu kumi na tano linakula, mtu lazima aende sokoni, na mwalimu hana muda. Mtu huyo akienda mara moja hununua mboga. Akienda kila siku hununua kitu kingine. Siku za kwanza anatajiwa bei ya mgeni na kupewa fungu kama lilivyopangwa, nyanya tano, ile ya juu ikiwa ndiyo nzuri kuliko zote. Baadaye anajua kwamba njegere za Mgeta hupimwa kwa kisado, kwamba kisado kikitikiswa kinashuka, na kwamba "niongeze" si ombi la kupunguziwa bei bali ni swali kuhusu uhusiano: je, mimi ni mteja wako au mpita njia? Kisha inakuja siku asipoonekana, na kesho yake anaulizwa, "Shemeji, mbona jana hukuja? Mwalimu hajambo?" Hapo amehesabiwa. Mke wake ameshakuwa dada wa mtu bila kulijua soko, na yeye amekuwa shemeji kwa sababu ya mke, kama ilivyo desturi ya milima iliyo juu ya soko hilo.

Kuanzia swali hilo, mazungumzo hubadilika uzito. Muuzaji wa ndizi aliyeshuka kutoka vijiji vya juu anaweza kueleza bila kuulizwa kwamba njia imekuwa mbaya, kwamba shamba ni la mama yake mzazi, kwamba kaka yake anataka kuliuza na ukoo umekataa, kwamba msitu ulipotangazwa hifadhi ya mazingira asilia mpaka ulipita mahali fulani na kuni sasa ni kazi. Hayo ndiyo mada za kozi yenyewe: umiliki wa ardhi, jinsia, hifadhi, soko. Tofauti ni kwamba darasani zimetenganishwa kwa wiki, wiki ya kwanza ardhi, ya pili msitu, na sokoni zinakuja zimefungwa pamoja katika maisha ya mtu mmoja anayetafuta chenji. Sidai kwamba maneno ya sokoni yanashinda utafiti. Mtafiti anajua kama jambo alilosikia ni la mtu mmoja au la wilaya nzima. Mbeba kikapu hajui. Ninachodai ni kwamba utafiti bila kikapu huuliza maswali yaliyonyooka kupita kiasi, na kwamba mtu mmoja katika msafara anayejua jinsi mambo yanavyofungamana huwasaidia wote kuuliza vizuri zaidi, kama atasikilizwa mezani jioni.

Wapo watakaosema: basi mpeni kazi rasmi, ajitolee shuleni au zahanati, aache kuzurura na kikapu. Hoja hii ina nia njema na ina mfano mzuri hapo hapo Morogoro. Mazimbu, kwenye lililokuwa shamba la mkonge, chama cha ANC cha Afrika Kusini kilianzisha mwaka 1978 shule ya wakimbizi wake, ikapewa jina la Solomon Mahlangu, kijana ambaye serikali ya makaburu ilimnyonga Aprili 1979. Walimu na wafanyakazi wa kujitolea walikuja kutoka nchi nyingi, na mji ule mdogo ulikuwa na shamba, karakana ya samani, hospitali na kituo cha watoto. Mahali pa namna ile hapakuwa na nafasi ya mtu wa kukaa tu. Lakini Mazimbu iliishi mpaka 1992, na kazi ya mtu aliyeondoka ilishikwa na aliyebaki. Kozi ya wiki tano haina mwendelezo huo. Anayefundisha Kiingereza wiki tano kisha akaondoka amewaachia watoto mwalimu wa kumkumbuka na somo lisilokamilika, na pengine amechukua nafasi ya kijana wa Kihonda, hapo hapo mjini, aliyesomea ualimu na hana ajira. Sheria nayo iko wazi, mgeni hafanyi kazi nchini bila kibali. Kwa lugha ya mlimani, mradi wa kujitolea ni mti. Kikapu ni mahindi.

Pingamizi la pili ni zito zaidi, na linakuja kutoka kwa wanawake. Watasema: tumewafuata waume kwa karne na zaidi, tumepika, tumenakili maandishi, tumezika watoto ugenini, na hakuna aliyetuandikia makala, leo mwanamume amebeba kikapu vipupwe vitatu, tayari amegundua falsafa. Wana haki. Rosine Krapf alifika Mombasa mwaka 1844 pamoja na mumewe mmisionari, Johann Ludwig Krapf, na miezi michache baadaye, Julai, yeye na binti yake mchanga walikuwa wamekufa. Mume aliendelea, akaacha kamusi ya Kiswahili iliyochapishwa 1882, mwaka mmoja baada ya kifo chake. Mke aliacha kaburi ng'ambo ya kisiwa, upande wa Nyali. Historia ya elimu inayosafiri imejaa majina ya namna hiyo yaliyobaki kwenye ukurasa wa shukrani, kama yalibaki. Ila naona pingamizi hili linaikaza hoja yangu, haliivunji. Kama kazi ya msindikizaji ilikuwa na thamani siku zote, basi kuidharau kulikuwa dhuluma kwa wanawake waliokuwa wakiifanya, na kuitaja kwa jina ni sehemu ndogo ya kulipa deni. Mwanamume anayeifanya hapaswi kushangiliwa. Anapaswa kuifanya kimya kiasi cha kuelewa kwa nini waliomtangulia hawakusikika.

La tatu ni gharama na anasa. Si kila mwalimu anaweza kumlipia mwenzi tiketi na viza, na mtu mwenye wiki tano za kutofanya kazi ya mshahara ana bahati ambayo mama wa ndizi hana. Kweli, na sioni jibu linaloifuta aibu hiyo yote. Naweza kusema tu kwamba anasa hiyo tayari ipo: wenzi wanakuja, na watakuja. Swali lililobaki ni kama watakaa bwawani hotelini wakisubiri Jumamosi ya kwenda hifadhi ya Mikumi, au watakaa mahali ambapo wanaweza kuulizwa mbona jana hawakuja. La nne ni kwamba nimeazima mila ya watu kama vazi. Mkwe wa Kiluguru yuko pale maisha yake yote. Watoto wake ni wa ukoo ule. Akikosea, hana ndege ya kumrudisha. Hili nalo nalikubali nusu. Mume wa mwalimu hawezi kusema anaishi kama mkwe. Anaweza kujifunza kwa mkwe jambo moja tu, ambalo halihitaji maisha mazima: kwamba kutomiliki si sawa na kutokuwa na kazi, na kwamba heshima ya aliyefuata hupimwa kwa alivyolima shamba la wengine.

Kutoka hapo naona mambo machache kwa wanaopanga kozi hizi. Wenzi wanaosafiri waingie kwenye masomo ya maandalizi na ya Kiswahili pamoja na wanafunzi, kwa sababu asiyejua kuamkia mkubwa wake hawezi kubeba kikapu mbali. Watambulishwe kwa wenyeji kwa jina na uhusiano, kwa kuwa kwetu mtu asiye na uhusiano na mtu ni wasiwasi. Ukisema "huyu ni mume wa mwalimu", umeshampa mahali pa kukaa. Wasifanywe makarani wa bure wa mwalimu, wala wasifichwe kama mizigo ya ziada. Na kwa mwenzi mwenyewe ushauri ni mfupi. Usianzishe kitu ambacho lazima mtu mwingine akitunze ukiondoka. Chagua kazi inayokwisha kwa kuvunwa, ifanye kila siku mahali pale pale, uliza maswali machache, na jioni, mezani, sema ulichosikia bila kukigeuza mhadhara. Mhadhara unaye mwenyewe.

Kipimo cha kozi kinajulikana: alama, ripoti, cheti. Kipimo cha msindikizaji hakiandikwi, lakini kipo, nacho kiko ndani ya neno lenyewe. Siku ya kuondoka mizigo inapakiwa, wanafunzi wanapiga picha na milima nyuma yao, mwalimu anahesabu vichwa mara ya tatu. Aliyekuja kumfuata mke anapita sokoni kuaga. Kama alikuwa timu ya kutimiza idadi, watamtakia safari njema kutoka nyuma ya meza zao, na haitakuwa vibaya. Kama alilima kidogo, mmoja wao atamwomba jirani amtazamie bidhaa, atajifunga khanga vizuri, atatoka naye mpaka barabarani. Mazungumzo yenye uzito yatakuja hapo.